Kamba ya makumbi na tope lake

Kumbi bichi, yaani lile ganda la nje la nazi lenye nyuzi, linaelea. Ukilitupa baharini leo, kesho utalikuta limeshachukuliwa na mkondo na kutupwa pwani ya watu wengine. Ndiyo maana kazi ya kamba haianzi na kusokota, kama wanavyodhani wengi wanaoiona mwishoni tu, pale bibi ameshakaa kivulini na fungu la usumba, yaani nyuzi za kumbi, mapajani. Inaanza na mawe na tope. Na ikiwa siku moja itakwisha, itakwishia hapo hapo kwenye tope, wala si kwa sababu vijana wamesahau namna ya kuzungusha viganja.

Tunazungumzia pwani ya mashariki na kusini ya Unguja: Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi, Uzi, na juu huko Chwaka. Pemba nako ipo, ila huko kamba hufuata zaidi chombo cha baharini na uvuvi. Watu wa Kusini vitabu vya zamani huwaita Wahadimu, na wengi wao hawalipendi jina hilo, kwa kuwa asili yake ni neno la Kiarabu la mtumishi. Wao husema ni Washirazi, au hujitaja kwa mji wao: Mmakunduchi, Mjambiani. Tutafuata njia yao.

Kamba kwa watu hawa ni kazi ya wanawake, tangu kufukia hadi kuuza. Mume ana chombo chake na dema lake la kutegea samaki. Makumbi yaliyomo topeni ni ya mke, na pesa ya kamba ni yake. Hilo si jambo dogo. Mwanamke asiye na mikarafuu wala chombo alikuwa na shimo lake pwani, lenye alama yake, na hakuna aliyeligusa.

Tuanze na kumbi lenyewe. Nazi hufuliwa kwa kifuo, ile chuma au mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini. Mfuaji hodari huligawa kumbi mapande matatu au manne makubwa, na mapande makubwa ndiyo yanayotakiwa, kwani ukilivunjavunja unakata nyuzi kabla hujaanza. Nyuzi zenyewe ni fupi. Kumbi zuri hutoa uzi wa shibiri moja na ushei, na hapo ndipo mwisho wake. Kila kinachoukata uzi huo katikati kinakupunguzia nguvu ya kamba.

Umri wa nazi una neno lake. Nazi huchukua miezi 12 hivi tangu ua hadi kukomaa. Iliyoanguliwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kukauka kabisa ndiyo yenye kumbi bora: uzi umeshakomaa lakini bado ni mweupe na una ulaini. Nazi iliyokaukia juu ya mnazi au iliyokaa ghalani kumbi lake hutoa uzi wa kahawia, mgumu, mzuri kwa fagio na brashi, lakini unaochoma viganja ukiusokota. Koroma, ile iliyopita udafu lakini haijawa nazi, uzi wake ni dhaifu. Dafu ndilo baya zaidi: uzi haujakomaa, ni maji matupu, na ukiupiga gongo unageuka uji. Shika hili la dafu, tutalirudia.

Sasa pahala pa kufukia. Watu hudhani pwani yote ni moja. Hapana. Mchanga mtupu haufai, maana maji hupita ndani yake na kila kujaa kwa bahari huufukua. Tope tupu la mikokoni linafaa kuozesha, ila kutoa makumbi ndani yake ni adhabu, na uzi hutoka mweusi. Kinachotakiwa ni tope lililochanganyika na mchanga, nyuma ya mwamba au jiwe linalovunja mawimbi, na katika kimo ambacho bahari hulifunika kila siku lakini bamvua, yaani zile siku bahari hujaa sana na kupwa sana, likipwa unaweza kulifikia kwa miguu. Ukifukia juu mno, makumbi hukauka maji mafu yanapokuja, yaani zile siku bahari haijai sana wala haipwi sana. Kumbi lililokauka nusu nusu haliozi sawasawa: upande mmoja laini, upande wa pili kama ulivyoliacha. Ukifukia chini mno, utalifikia mara moja kwa mwezi, tena ukiwa na maji magotini.

Shimo la kawaida ni la mviringo, upana pima moja hivi, yaani mikono minne, kina cha goti mpaka paja. Shimo la namna hiyo hupokea makumbi 300 hadi 500, kulingana na ukubwa wa nazi na ustadi wa kupanga. Mapande hupangwa yakibanana, tabaka kwa tabaka, yasibaki na uwazi. Juu yake huwekwa makuti makukuu, kisha tope lile lile lililochimbwa, kisha mawe ya pwani, mazito, duara zima. Mawe ndiyo yanayozuia kuelea. Kumbi jipya limejaa hewa, na shimo la makumbi 400 linajaribu kupanda juu kwa nguvu usiyoitarajia. Mwenye haraka akiweka mawe machache, bamvua la kwanza hulifumua shimo, na asubuhi makumbi yametapakaa hadi kwa jirani. Baada ya wiki chache hewa imetoka, kumbi limeshiba maji na halinyanyuki tena.

Wengine hawachimbi. Hujenga kizingo cha mawe juu ya tope, hujaza makumbi na kufunika kwa mawe. Ni rahisi kujenga na rahisi kufungua, lakini upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu kizingo huhitaji kutazamwa mara kwa mara.

Kisha unasubiri, na muda wa kusubiri hauna kanuni moja. Miezi mitatu ni kidogo mno kwa makumbi mengi. Miezi sita ni wastani mzuri. Wapo wanaoacha hadi mwaka, kwa kuwa hawana haja ya pesa kwa wakati huo, na shimo huwa kama akiba. Kinachotokea chini ni kazi ya viumbe vidogo visivyotaka hewa: vinakula ule unga na utomvu unaoshikanisha nyuzi, na uzi wenyewe vinauacha, kwa kuwa ni mgumu kwao. Harufu ya mayai viza ni ya kazi hiyo. Ukifukua na hakuna harufu, rudishia, bado.

Namna ya kupima ni kutoa pande moja kutoka pembeni na moja kutoka katikati. Gamba la nje lizingatiwe kwanza. Likibanduka kwa vidole kama ganda la ndizi mbivu, tayari. Kisha sugua upande wa ndani kwa dole gumba. Unga ukitoka na nyuzi zikabaki zimelala sambamba, tayari. Ukilazimika kutumia ukucha, bado mwezi mmoja au miwili. Kosa la kufukua mapema ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na husababishwa na shida ya pesa, si ujinga. Makumbi mabichi hupigwa mara mbili zaidi, nyuzi nyingi hukatika, na unga hubaki ndani ya kamba. Kamba yenye unga ni nene kwa macho na nyepesi kwa kazi. Kosa la pili, la kuacha muda mrefu mno katika tope jeusi, huleta uzi mweusi usio na mvuto sokoni, na ukizidi sana hata nguvu hupungua.

Kufukua hufanywa siku za bamvua. Hapa kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, bahari hupwa kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Tofauti ya kujaa na kupwa katika siku hizo hufika mita 4 hivi, na pwani ya mashariki, palipo tambarare, hiyo ni safari ya kutembea kweli. Kwa hiyo mwanamke ana kama saa tatu za kazi: kuondoa mawe, kutoa makumbi, kuyakosha hapo hapo katika maji ya chumvi, kuyabeba. Asipowahi, maji humfuata na shimo lililo wazi hujaa mchanga.

Kupiga ni siku hiyo hiyo au kesho yake, makumbi yakiwa bado maji maji. Kumbi lililokauka baada ya kufukuliwa likipigwa linavunjika. Unabandua gamba la nje na kulitupa, unaweka pande juu ya jiwe bapa au gogo, na unapiga kwa gongo la mti mzito kufuata urefu wa uzi, kutoka kati kwenda ncha, huku mkono wa pili ukiligeuza. Usipige kwa kukata, gongo likianguka kwa ncha yake. Piga kwa tumbo la gongo. Baada ya mapigo kadhaa unakung'uta, unakosha tena, unapiga tena. Katika kumbi, sehemu tatu tu kati ya kumi ndizo uzi. Zilizobaki ni unga na gamba. Makumbi 100 yaliyooza vizuri na kupigwa vizuri hutoa usumba mkavu wa kilo 8 hivi. Ukipata kilo 5, ama ulifukua mapema, ama gongo lako linakata.

Ule unga, kwa taarifa, watu wengi huuacha pwani ukachukuliwa na maji. Wenye bustani wanaouokota wanajua wanachofanya, maana unashika maji kuliko udongo wa kawaida, ila lazima ukoshwe chumvi kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari.

Usumba ukishakauka huchambuliwa kwa vidole, zile nyuzi fupi na vibaki vya gamba vikiondolewa, hadi uwe kama manyoya yaliyotimka. Hapo sasa ndipo viganja vinapoingia.

Kamba ya kawaida ni ya nyuzi mbili. Unachukua kitita kidogo cha usumba kwa kila uzi na kukisokota baina ya viganja, mkono wa kulia ukisukuma mbele. Kila uzi unasokotwa upande mmoja, na zinapokutana zinajizungusha zenyewe upande wa pili. Siri yote ya kamba ipo katika hilo: msokoto wa uzi unataka kufumuka upande huu, msokoto wa kamba unataka kufumuka upande ule, na kila mmoja unamzuia mwenzake. Anayesokota uzi kwa ulegevu hupata kamba inayoonekana nzuri ikiwa imelala, lakini ukiivuta inarefuka na kupungua unene kama mpira. Anayesokota kupita kiasi hupata kamba inayojikunja vifundo kila ukiilegeza.

Kuunga ndiko kunakotenganisha mwenye mkono na anayejifunza. Kwa kuwa uzi wa usumba haupiti sana shibiri, unaongeza usumba mpya kila baada ya misokoto michache. Unaongeza kabla uzi haujapungua unene, si baada. Unaongeza nyuzi mpya zikilalia zile za zamani kwa nusu ya urefu wake. Na haziungwi nyuzi zote mbili pahala pamoja: ukiunga wa kulia, wa kushoto usubiri misokoto minne mitano. Wenyewe husema kamba hukatikia pembamba, na hapo methali ni maelezo ya kazi tu, haina fumbo lolote. Shika kamba yoyote ya makumbi uipitishe polepole baina ya kidole na dole gumba, macho umefumba. Pale inaposinyaa ndipo itakapokatika, na mara nyingi ni pale ambapo uzi wa kulia na wa kushoto viliungwa pamoja.

Kamba nene ya nyuzi tatu, au ya kamba tatu zilizopotwa pamoja, huhitaji watu wawili au watatu na minazi miwili ya kuvutia. Zamani ndiyo iliyokuwa amari ya nanga, henza ya kupandishia tanga, na demani ya kulishikia. Hesabu yake ni kwa pima. Ukitaka pima 10 za kamba nene, sokota nyuzi za pima 13 au 14, kwa kuwa kupota kunakula urefu. Mwisho kamba huvutwa ikaze, husuguliwa kwa kipande cha kumbi kuondoa nywele, na kuzungushwa fungu.

Basi kamba hii ina faida gani, wakati duka lolote la vifaa vya uvuvi linauza nailoni? Tuseme kweli. Kwa nguvu tupu, nailoni inaishinda mbali, na mvuvi wa Kojani, Pemba, anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, wiki nzima hana sababu ya kufunga nanga kwa makumbi ili kuwafurahisha wapenda utamaduni. Uzi wa makumbi ni dhaifu hata kuliko wa katani kwa unene ule ule. Lakini una mambo matatu ya kuusifu. Hauozi upesi katika maji ya chumvi. Unarefuka robo na zaidi kabla ya kukatika, kwa hiyo haukatiki kwa kishindo. Na fundo lake linashika: ni mkwaruzo kwa mkwaruzo, halitelezi, na likipata maji linavimba na kukaza.

Hiyo sifa ya mwisho ndiyo iliyoibeba bahari yote hii kabla ya msumari. Maelezo ya Kigiriki ya karne ya 1 yanavitaja vyombo vya kushonwa kwenye pwani na visiwa vyetu, pamoja na mitego ya kusukwa ya kuvulia samaki. Mtepe, uliokuwa ukileta boriti Unguja kutoka pande za Lamu hadi karne iliyopita, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la ukili, yaani majani yaliyosukwa. Mwaka 2003 mtepe mmoja uliundwa upya hapa Unguja ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe. Disemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Tunalitaja kwa sababu moja: wakati Mji Mkongwe unaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kilichoorodheshwa ni mawe, chokaa na milango. Tope la Bwejuu halimo katika orodha yoyote.

Kazi zilizobaki kwa kamba ni za nchi kavu zaidi. Ya kwanza ni paa. Fito hufungwa juu ya makombamoyo, ile miti mikubwa ya paa, kwa kamba, makuti hufungwa juu ya fito. Msumari hupasua ufito, na hewa ya pwani huula kwa kutu. Nailoni inateleza, na jua huifanya kavu ikatike kama uzi wa buibui. Mafundi wa mapaa makubwa ya hoteli wanajua, na bado wananunua kamba ya makumbi. Hao leo ndio soko lenyewe. Ya pili ni kitanda cha kamba: matendegu manne ya miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na kamba iliyowambwa katikati. Kamba ya kitanda iwe nyembamba na sawa, ikirowekwa kabla ya kuwamba, kisha ikazwe upya baada ya wiki kadhaa, kwa sababu huo urefukaji tulioutaja hauna huruma na kiuno cha mtu.

Sasa tuje kwenye kinachoiua kazi hii.

Mwani wa biashara uliletwa pwani ya mashariki mwaka 1989, na Paje na Jambiani zilikuwa mwanzo wa mwanzo. Wanawake waliingia kwa wingi, na walikuwa na haki: mwani hukomaa kwa wiki sita hivi, makumbi kwa miezi sita. Lakini jambo linalosahauliwa katika mazungumzo mengi ni saa. Mwani hufungwa na kuvunwa bamvua likipwa. Ni zile zile saa tatu za makumbi, siku zile zile, miguu ile ile. Mwanamke hawezi kuwa shambani kwa mwani na shimoni kwa makumbi katika maji yale yale. Hakukuwa na mkutano wala amri ya kuacha kamba. Ilikosa saa tu. Na kamba za mwani zenyewe, pamoja na tai-tai za kufungia, ni plastiki.

Halafu bei ya mwani hupanda na kushuka kwa mnunuzi wa mbali, na maji ya vina vifupi yakipata joto, ule mwani wa bei nzuri, kotoni, hufa. Ndipo baadhi ya wanawake walipolikumbuka shimo. Kurudi hakukuwa rahisi, kwa sababu ya pili: pwani. Ufuo uliokuwa njia ya watu wote umekuwa mbele ya hoteli, na tope lenye harufu ya mayai viza halipendwi na mgeni aliyelipia mandhari. Si lazima ujengwe ukuta. Inatosha njia ya kushukia pwani ihamishwe mbali kwa dakika 20 kwenda na 20 kurudi, ukiwa na mzigo wa makumbi yaliyoshiba maji kichwani. Saa tatu zinabaki mbili na kidogo.

Sababu ya tatu ni mnazi. Mdudu chonga anatoboa kilele cha mnazi na kula majani machanga kabla hayajafunguka. Mnazi ulioliwa utauona kwa majani yaliyokatwa kama kwa mkasi. Minazi mizee inaanguka na kukatwa mbao, mipya haipandwi kwa kasi hiyo. Na dafu, tulilosema tulirudie: kila mgeni anayekunywa dafu pwani anaacha kumbi lisilofaa kamba, na ile nazi ambayo ingekomaa na kutoa nazi ya mchuzi pamoja na kumbi la kufukia imeshaondoka. Mwuza madafu hana kosa, dafu linalipa leo leo. Lakini ndivyo inavyokuwa: hoteli inahitaji kamba ya paa na wakati huo huo inakunywa makumbi yake.

Tunapoyaeleza haya, wapo wanaojibu kwa tamasha. Watu wawekwe jukwaani, wasokote, wapigwe picha, wapewe cheti. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hutajwa kama mfano wa mila iliyodumu, na kweli imedumu: kila Julai vigogo vya migomba vinapigwa, kibanda cha makuti kinachomwa, mji unajaa wageni. Lakini Mwaka Kogwa unadumu kwa kuwa wenyewe bado wana haja nao. Ni kufunga hesabu ya mwaka wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao wakulima na wavuvi waliufuata kujua mvua na pepo, na ni siku ya kumaliza magomvi. Kamba ya jukwaani haina haja na mtu. Isitoshe husokotwa kwa usumba ulionunuliwa, mara nyingine kutoka nje, umeshasafishwa kwa mashine. Mtoto wa skuli atakayeiona atajifunza theluthi ya mwisho ya kazi, tena ile rahisi.

Na maneno huondoka na kazi. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wamefanya jambo la maana kukusanya msamiati wa lahaja za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba katika makamusi, kwa vile Kiswahili cha vitabuni kimetokana na Kiunguja cha mjini na hakina haja na majina kumi ya tope. Lakini neno la hatua fulani ya kuoza kwa kumbi halikai kinywani mwa mtu asiyefukua. Litabaki katika kamusi kama samaki wa kwenye chupa.

Yanayoweza kufanyika ni madogo na yana mahali pake. Shehia inaweza kuyatambua mashimo ya makumbi kama inavyotambua madiko ya wavuvi, na njia ya kushukia ikabaki wazi pale ilipokuwa. Mwenye hoteli anayeezeka upya anaweza kuagiza kamba mapema, si wiki moja kabla, maana kamba ya wiki moja ni kamba ya makumbi yaliyofukuliwa mabichi, halafu yeye mwenyewe ndiye atakayelalamika. Vikundi vinavyopanda minazi vinaweza kupanda ile mirefu ya kienyeji, si mifupi ya madafu peke yake.

Basi ukitaka kuagiza, agiza hivi. Sema kazi: paa, kitanda, au chombo. Sema nyuzi mbili au tatu, na unene kwa kulinganisha na kidole: kidole kidogo kwa fito, nusu yake kwa kitanda. Hesabu kwa pima, na mkubaliane ni pima ya nani, ya muuzaji au yako, kwani mtu mfupi na mtu mrefu hawalingani, na katika pima 100 tofauti ni kubwa. Toa sehemu ya pesa mbele, miezi sita kabla kama shimo halijafukiwa, mwezi mmoja kabla kama makumbi yako tayari. Ukipokea, fumua shibiri moja ya mwisho. Uzi ukitoka mrefu, mweupe au wa dhahabu, na unga usidondoke mapajani, lipa iliyobaki. Unga ukidondoka, mwambie mama wa watu kwa adabu kwamba hili shimo lilifunguliwa mapema, naye atajua kuwa unajua, na bei mtaizungumza upya.